Mpiga Piano Hazaliwi na Piano

Mwalimu mmoja rafiki yangu, ambaye amefundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, alitoa siku moja hoja ambayo wengi wetu tumekwisha kuisikia, na pengine tumekwisha kuisema wenyewe. Tulikuwa tumekaa barazani tukisikiliza redio, na katika kipindi kile ikapigwa piano, muziki wa klasiki wa Ulaya, vidole vikikimbia kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuihesabu. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hiki ni kipaji, ndugu yangu," akasema. "Mtu huzaliwa nacho. Huwezi kumfundisha mtu mambo haya."

Sikumjibu siku ile. Lakini maneno yake yalinisumbua, hasa kwa kuwa yalitoka kinywani mwa mwalimu. Iwapo mwalimu naye anaamini kwamba yaliyo bora hayafundishiki, basi kazi yake ni nini? Na mtumishi wa serikali anayepanga nafasi za masomo, naye akiamini hivyo, atapanga nini isipokuwa kungoja wenye vipaji wajitokeze wenyewe? Makala haya ni jibu langu kwake. Nimechagua kulijibu kwa mfano ule ule alioutumia yeye, yaani wapiga piano, kwa sababu sijui kazi nyingine yoyote ambamo hadithi ya kipaji cha kuzaliwa imepambwa kiasi hicho, na ambamo ukweli umekaa mbali nayo kiasi hicho.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Piano ina vibao 88. Anayetaka kuipiga jukwaani kwa riziki yake hana budi kuanza akiwa mtoto wa miaka mitano, sita au saba, wakati mifupa na mishipa ya mkono ingali inakubali kuzoezwa. Tangu hapo ni mazoezi ya kila siku, ambayo hufika saa nne au tano kwa siku kabla mtoto hajabaleghe. Daktari huweza kuamua kuwa daktari akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Mwanasheria huweza kuchelewa zaidi ya hapo. Mpiga piano hana fursa hiyo, kwani akifika umri wa kuchagua, jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa. Nani aliyeliamua? Ni watu wazima waliomzunguka: aliyenunua piano, aliyelipa karo, aliyekaa karibu naye jioni wakati watoto wenzake wanacheza nje. Kwa hiyo, tunapouliza ni nani atakayekuwa mpiga piano, kwa hakika tunauliza habari za mali, za walimu, na za mpangilio wa jamii alimozaliwa mtoto huyo.

Sasa tuwatazame watoto wawili.

Wa kwanza alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Jina lake lilikuwa Eunice Waymon. Wa pili alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Shreveport, Louisiana, akakulia Kilgore, mji wa visima vya mafuta katika jimbo la Texas. Huyo aliitwa Van Cliburn. Wote wawili walikuwa watoto wa Kusini. Wote wawili walionyesha mapenzi ya piano kabla hawajaanza kusoma. Wote wawili walilelewa kimuziki na mwanamke mmoja katika mji ambao haukuwa na ukumbi wa maana wa muziki. Tofauti yao ilikuwa kwamba Van alikuwa mtoto mweupe wa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta, na Eunice alikuwa mtoto mweusi, wa sita katika watoto wanane wa mhubiri wa Kimethodisti ambaye pia alifanya kazi za nyumbani kwa wazungu.

Mama yake Van, Rildia Bee, alikuwa mwenyewe mpiga piano, na alikuwa amefundishwa na Arthur Friedheim, aliyekuwa mwanafunzi wa Franz Liszt. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto wa miaka mitatu, na mwalimu aliye naye nyumbani, bila ya malipo, usiku na mchana, amepokea mafunzo yaliyopita mikono miwili tu tangu kwa Liszt! Mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake pekee mpaka alipotimiza umri wa miaka kumi na saba. Tukisema kijana huyu alizaliwa na kipaji hatutakosea, lakini tuongeze pia kwamba alizaliwa ndani ya darasa.

Eunice hakuwa na darasa nyumbani. Alianza kwa kupiga katika kanisa la mama yake. Mwanamke mzungu ambaye mama huyo alimfanyia kazi ndiye aliyegundua uwezo wa mtoto na kulipa karo ya mwaka wa kwanza kwa mwalimu wa Kiingereza aliyeishi Tryon, Bibi Muriel Mazzanovich. Bibi huyo alimtia mtoto katika Bach, na baadaye ukaanzishwa mfuko wa michango, weusi kwa weupe, ili Eunice aendelee na masomo. Napenda tuuzingatie mfuko huo. Mji mdogo, katika nchi ya sheria za ubaguzi wa rangi, ulichanga fedha ili binti mweusi awe mpiga piano wa klasiki. Lilikuwa jambo jema, na sitaki kulibeza. Lakini mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika onyesho lake mojawapo la utotoni wazazi wake waliondolewa viti vya mbele ili wazungu wakae, naye akakataa kupiga mpaka waliporudishwa. Mchango ulikuwepo, na ubaguzi nao ulikuwepo, katika chumba kimoja na jioni moja.

Alisoma shule ya sekondari ya wasichana weusi huko Asheville akamaliza mwaka 1950 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Fedha za mfuko zikampeleka Chuo cha Juilliard, New York, kwa masomo ya majira ya joto, chini ya mzee Carl Friedberg, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Clara Schumann. Kwa hiyo naye alipokea mafunzo kutoka katika shina kubwa la Ulaya. Ila Van aliyapokea kwa miaka kumi na minne, na Eunice aliyapokea kwa wiki chache, mpaka fedha za mfuko zilipokwisha.

Ukafika mwaka 1951. Mwaka huo Van Cliburn aliingia Juilliard, katika darasa la Rosina Lhévinne, mama wa Kirusi aliyehitimu Chuo cha Muziki cha Moscow kwa medali ya dhahabu mwaka 1898. Na mwaka huo huo Eunice Waymon alifanya majaribio ya kuingia Chuo cha Curtis mjini Philadelphia, akakataliwa.

Hapa lazima niseme neno juu ya Curtis, maana hapa ndipo hoja ilipo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1928 hakimtozi karo mwanafunzi yeyote. Kwa mtoto wa mtumishi wa nyumbani, huo ndio uliokuwa mlango pekee ulio wazi kwa maana ya fedha. Aliye na mali akikataliwa Curtis anakwenda kulipa kwingine. Eunice hakuwa na kwingine. Familia yake ilikuwa imehamia Philadelphia kwa matumaini hayo. Maisha yake yote aliamini kwamba alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa chuo hicho hicho ambaye baadaye alimfundisha faraghani, alikana kwamba rangi ndiyo iliyomwangusha. Mimi sikuwemo katika chumba cha majaribio, wala wewe msomaji hukuwemo. Jambo ninaloliona ni kwamba hata kama waamuzi wale walikuwa wamefumba macho wasione rangi, masikio yao yalikuwa yanapima miaka ya mafunzo, na miaka hiyo ilikuwa imegawanywa kwa rangi zamani sana kabla ya siku ile.

Ili kujipatia fedha za kuendelea na masomo, mwaka 1954 alikwenda kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City. Mwenye baa akamwambia kwamba asipoimba hana kazi. Akaimba. Na ili mama yake mhubiri asijue kwamba binti yake anapiga muziki wa shetani katika nyumba ya pombe, akajibadilisha jina, akajiita Nina Simone.

Dunia nzima inalijua jina hilo. Alipoimba dhidi ya ubaguzi baada ya mabomu ya mwaka 1963 katika kanisa la Birmingham, Alabama, sauti yake ikawa silaha ya harakati za watu weusi. Wapo watakaosema, basi afadhali alikataliwa, maana tulipata jambo kubwa zaidi. Hoja hiyo siipendi hata kidogo. Ni hoja ya mtu aliyevunja mguu wa mwenziwe kisha akamsifu kwa jinsi anavyotembea vizuri kwa mkongojo. Mwenyewe alisema mara nyingi kwamba alichotaka ni kuwa mpiga piano wa klasiki. Ukisikiliza kwa makini santuri zake za mwanzo utamsikia Bach akijitokeza katikati ya wimbo wa mapenzi, mkono wa kulia na wa kushoto ukijibizana kama alivyofundishwa na Bibi Mazzanovich. Mafunzo hayakupotea. Yaliingia kwa mlango wa nyuma.

Curtis ilimtunukia shahada ya heshima mwaka 2003, siku mbili kabla hajafa huko Ufaransa.

Msomaji makini atauliza: je, kama angekubaliwa? Swali hilo ni zuri, na historia imelijibu kwa mtu mwingine. George Walker, kijana mweusi wa Washington, mtoto wa daktari aliyehamia kutoka Jamaica, alikubaliwa Curtis, akafundishwa piano na Rudolf Serkin, na mwaka 1945 akawa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo hicho. Mwaka ule ule alifanya onyesho lake la kwanza katika ukumbi wa Town Hall, New York, na akapiga na Okestra ya Philadelphia. Kwa kipimo chochote cha taaluma, alikuwa amekamilika. Tazama kwamba alikuwa mtoto wa daktari, nyumba yenye piano na vitabu. Kwa hiyo kizuizi cha mali kwake hakikuwepo, wala kizuizi cha chuo. Kilibakia kimoja. Miaka mitano ikapita ndipo wakala mkubwa wa maonyesho alipompa mkataba, mwaka 1950, na hata baada ya hapo kazi zilikuwa haba. Walker mwenyewe alieleza kwamba mawakala walimwambia waziwazi kuwa ni vigumu kumuuza mpiga piano mweusi. Neno ni hilo: kumuuza. Akageukia ualimu na utunzi, na mwaka 1996 akawa mtunzi mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki. Alifariki mwaka 2018. Vidole vilivyofunzwa na Serkin vilitumika zaidi kushika kalamu na chaki.

Basi hata shahada haitoshi, ikiwa kazi yenyewe imo mikononi mwa mfanya biashara anayekisia ni uso gani utakaouza tiketi.

Van Cliburn naye hakuachwa salama na soko hilo, ingawa lilimpenda. Alishinda mashindano makubwa ya Leventritt mwaka 1954, akapata maonyesho mengi, na kufikia mwaka 1957 maonyesho yakaanza kukauka. Kilichomfufua ni safari ya Moscow. Mwaka 1958, katika Mashindano ya kwanza ya Tchaikovsky, kijana huyu wa Texas mwenye umri wa miaka 23 alishinda mbele ya waamuzi walioongozwa na Emil Gilels, na miongoni mwao alikuwemo Sviatoslav Richter. Inajulikana kwamba Khrushchev aliulizwa kabla ya kutangazwa mshindi, naye akaruhusu apewe ikiwa ndiye bora. Marekani, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imetishwa na chombo cha Sputnik, ilimpokea kama jemadari na kumwandalia maandamano ya ushindi katika barabara za New York. Magazeti ya kwao yalishangilia kwamba Mmarekani amewashinda Warusi. Hayakusema sana kwamba mwalimu wake alikuwa Mrusi aliyehitimu Moscow, na kwamba waliyoyasikia watu wa Moscow na kuyapenda yalikuwa mafunzo yao wenyewe yakiwarudia kupitia New York.

Kisha soko likamshika. Santuri yake ya konseto ya Tchaikovsky iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, na kila ukumbi ukataka apige konseto hiyo hiyo, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka. Mtu ambaye angepaswa kukua na kujifunza mambo mapya alilipwa ili asibadilike. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 44, aliacha maonyesho, na hakurudi jukwaani mpaka mwaka 1987, alipopiga Ikulu ya Marekani mbele ya Gorbachev.

Sasa twende Moscow kwenyewe. Vyuo vikuu viwili vya muziki vya Urusi ni vya zamani za wafalme: kile cha St. Petersburg kilianzishwa mwaka 1862 na Anton Rubinstein, na cha Moscow mwaka 1866 na ndugu yake Nikolai. Utawala wa Kisovieti ulivikuta. Kazi iliyofanywa baada ya hapo ni kujenga ngazi ya kuvifikia. Zilienezwa shule za muziki za watoto katika miji mikubwa na midogo, ambamo mtoto alikwenda jioni baada ya shule ya kawaida. Juu yake zikawekwa shule maalumu kwa wenye uwezo mkubwa, ambamo hesabu na sayansi na piano vilifundishwa chini ya paa moja. Na juu yake vyuo vikuu. Mtoto aliyegunduliwa mapema hakuhitaji kungoja bibi mwenye huruma. Gilels, mtoto wa familia ya Kiyahudi ya hali ya kawaida huko Odessa, alishinda mashindano ya nchi nzima mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka kumi na sita. Na mhitimu hakuachwa barabarani. Alipangiwa kituo cha kazi, kama tunavyojua sisi maana ya kupangiwa kituo, na kwa njia hiyo mwalimu aliyefunzwa Moscow aliweza kukutwa akifundisha watoto katika mji wa mbali wa Siberia. Ngazi ilijijenga yenyewe kutoka chini.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Mkono wa dola unaofungua mlango ndio huo huo unaoweza kuufunga. Heinrich Neuhaus, pengine mwalimu mkubwa kuliko wote wa shule hiyo, alikamatwa mwaka 1941, akafungwa, kisha akahamishiwa milima ya Ural. Baba yake Richter, mwalimu wa muziki mwenye asili ya Kijerumani, aliuawa na dola mwaka huo huo huko Odessa. Mpiga piano aliyekwenda kupiga nchi za nje hakushika mwenyewe sehemu kubwa ya malipo yake, na ruhusa ya kusafiri ilitoka kwa maofisa ambao hawakujua nota. Vladimir Ashkenazy, mshindi wa mwaka 1962, aliamua kubaki Uingereza mwaka 1963.

Na Richter mwenyewe, ambaye wengi humtaja kama fahari ya mafunzo ya Kisovieti, huitia kasoro nadharia yangu, nami sina budi kukiri. Kwa sehemu kubwa alijifunza mwenyewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuwapigia piano waimbaji wa opera ya Odessa katika mazoezi yao, na alifika kwa Neuhaus mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, umri ambao wenzake walikuwa wanamaliza. Akafukuzwa chuoni mara mbili kwa sababu hakutaka kuhudhuria masomo ya lazima yasiyokuwa ya muziki. Neuhaus ndiye aliyemrudisha. Nafikiri mwalimu rafiki yangu angelishika jina hili kama ushindi wake. Lakini hata Richter baba yake alikuwa mpiga piano na kinanda cha kanisa, na muziki ulikuwemo nyumbani kabla yeye hajajua kusema. Na kilichomwokoa chuoni ni mwalimu aliyejua lini kanuni ilegezwe. Mwalimu wa namna hiyo ni adimu katika nchi yoyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Vietnam.

Mwaka 1956 lilianzishwa shule la muziki la taifa huko Hanoi, na miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Bibi Thai Thi Lien, mpiga piano aliyesomea Prague. Mwaka 1958 alimzaa mtoto wa kiume, Dang Thai Son. Mabomu ya Marekani yalipoanza kuishukia Hanoi katikati ya miaka ya 1960, shule zima lilihamishiwa kijijini, katika eneo la Bac Giang. Walimu, wanafunzi na piano. Watu waliozoea kufikiri kwamba sanaa ni anasa ya wakati wa amani watalishangaa jambo hili: nchi maskini, inayopigwa mabomu na taifa tajiri kuliko yote duniani, inafunga piano na kuzisafirisha msituni ili watoto wasikose masomo. Watoto walipiga kwa zamu katika piano chakavu. Mwaka 1970 mama huyo alialikwa Warsaw kuhudhuria Mashindano ya Chopin, akarudi nyumbani na nota na santuri za Chopin, na hizo ndizo zilizokuwa chuo cha mwanawe.

Familia haikuwa na upendeleo wowote wa kisiasa. Kinyume chake, baba yake Son, mshairi Dang Dinh Hung, alikuwa matatizoni na wakuu wa nchi tangu mkasa wa waandishi wa miaka ya 1950. Hata hivyo mwaka 1974 mpiga piano wa Kirusi, Isaac Katz, alifika Hanoi, akamsikia kijana, akamfundisha na kumpendekeza. Na mwaka 1977 Son akaingia Chuo cha Moscow. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Warsaw katika mashindano yale yale aliyoyahudhuria mama yake. Alikuwa hajapata kupiga na okestra hata mara moja. Mara yake ya kwanza ilikuwa katika fainali. Akashinda. Alikuwa Mwasia wa kwanza kushinda mashindano hayo.

Ungetegemea kwamba milango yote ilifunguka. Hapana. Mwaka ule magazeti ya Ulaya yalishughulika na kijana mwingine, Ivo Pogorelich wa Yugoslavia, aliyeondolewa kabla ya fainali, na mwamuzi mashuhuri Martha Argerich akajiuzulu kwa hasira. Pogorelich alikuwa mrefu, mzuri wa sura, mwenye vituko, na kampuni kubwa ya santuri ya Kijerumani ikamchukua. Mshindi akarudi Moscow kusoma. Simlaumu Pogorelich, alikuwa mpigaji wa ajabu kweli. Nawalaumu waliodhani kwamba habari ya kuuzika ni yule aliyeshindwa kwa kelele, na kwamba kijana wa Hanoi aliyetoka chini ya mabomu akawashinda wote kwa upole si habari.

Son alikwenda Japani, kisha Kanada, na pamoja na maonyesho yake akawa mwalimu. Hapa ndipo ninapotaka mwalimu rafiki yangu anisikilize. Mwaka 2021 Mashindano ya Chopin yalishindwa na Bruce Liu wa Kanada, mwanafunzi wa Dang Thai Son. Mwaka 2025 yalishindwa na Eric Lu wa Marekani, ambaye naye alipita mikononi mwake. Mara mbili mfululizo! Na asidhani mtu kwamba mwalimu aliwabeba, maana kanuni za mashindano hayo haziruhusu mwamuzi kumpigia kura mwanafunzi wake. Yule ambaye soko lilimwona hauziki ndiye ambaye sasa vijana wa nchi tajiri wanamfuata ili wafundishwe.

Nilimsimulia rafiki yangu habari hizi Jumapili iliyopita. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kuhusu mama: je, alikuwa mpiga piano mashuhuri? Nikamwambia kwamba nje ya nchi yake ni wachache waliomjua. Alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 2023, akiwa amepita umri wa miaka 100, na mwanafunzi wa mwanawe alikuwa amekwisha kushinda Warsaw.